Viwanja vya UDOM vipimwe kwa saa za kucheza

Watu wa Dodoma wakizungumzia michezo katika Chuo Kikuu cha Dodoma, mapema tu utasikia habari ya uwanja mkubwa: jukwaa lililoezekwa, nyasi za kijani, taa ndefu kila kona, timu kubwa zikija kupiga kambi. Naielewa hamu hiyo na sina ugomvi nayo. Ila nadhani tunaanzia mwisho. Chuo chenye maelfu ya vijana kinapopanga michezo ya miaka 20 au 30 ijayo, swali la kwanza liwe hili: saa 11 jioni, Jumanne ya kawaida isiyo na bonanza wala mgeni rasmi, ni wanafunzi wangapi wanaweza kushuka kutoka bwenini, wakakuta kiwanja chenye nafasi, wakacheza saa nzima na kurudi kuoga? Mpango unaolijibu swali hilo ni mzuri hata kama jukwaa litachelewa miaka 15. Usiolijibu utawaacha wanafunzi wengi pembeni wakitazama wenzao wachache wanavyocheza.

UDOM inafaa kuzungumziwa hivi kwa sababu ukubwa wake ni wa kipekee hapa nchini. Kilianzishwa mwaka 2007 pale Chimwaga, kilomita kama nane mashariki mwa katikati ya mji, mahali ambapo kabla ya hapo palijulikana zaidi kwa ukumbi ambao chama cha CCM kilifanyia mkutano wake mwaka 1995. Kilipewa eneo la hekta 6,000 na kukusudiwa kubeba wanafunzi 40,000. Kikajengwa kwa kutawanywa katika ndaki, yaani vyuo vidogo ndani ya chuo kikuu: Ndaki ya Elimu kule, Ndaki ya Insia na Sayansi za Jamii huku, Sayansi za Kompyuta na Elimu Angavu upande wake, na mabweni yakifuata ndaki zao. Kutoka ndaki moja kwenda nyingine watu hupanda daladala, bajaji au bodaboda, na anayetembea kwa miguu hujipanga. Jiografia hiyo peke yake ingetosha kumzuia mpangaji asiweke kila kitu mahali pamoja. Uwanja mmoja mzuri uliojengwa pembeni mwa ndaki moja utakuwa wa ndaki hiyo. Wengine wataufikia siku ya fainali, kwa nauli.

Tufanye hesabu, maana mazungumzo ya viwanja mara nyingi huikosa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Tusijivike lengo kubwa hivyo. Tuseme katika wale wanafunzi 40,000, robo tu ndio wanaotaka kucheza, na kila mmoja apate saa mbili kwa wiki. Hao ni vijana 10,000 wanaohitaji saa 20,000 za kucheza kila wiki. Sasa chukua kiwanja kimoja cha mpira wa miguu chenye vipimo vya kimataifa, mita 105 kwa 68. Kinabeba wachezaji 22. Vipindi vikiisha saa 10 na nusu na giza likianza kuingia saa 12 na nusu, kina saa mbili za kazi kwa siku. Kitumike siku zote saba bila kupumzika, kitatoa saa 308 kwa wiki. Ili kufikia 20,000 tungehitaji viwanja 65 vya namna hiyo. Hakuna atakayevijenga, na hata vikijengwa hayapo maji ya kuvinyweshea.

Eneo lilelile la mita 105 kwa 68 lipange upya. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Ukikiachia mita tatu za usalama kila upande, viwanja sita vinaingia katika sehemu ya eneo hilo, na sehemu inayobaki inatosha viwanja vinne vya mpira wa wavu pamoja na nafasi zake za pembeni. Netiboli ina wachezaji 14 kwa kiwanja, wavu 12. Jumla ni watu 132 wakicheza kwa wakati mmoja, mara sita ya wale 22. Halafu weka taa, mchezo uende hadi saa 3 usiku, na zile saa mbili za jioni zinakuwa nne na nusu. Eneo moja hapo linatoa saa 4,158 kwa wiki. Maeneo matano ya aina hiyo, ambayo yote kwa pamoja hayafiki hekta nne, yanavuka lengo la saa 20,000.

Hii ni hesabu ya mezani, nakubali. Viwanja havijai kila saa, kuna wiki za mitihani, kuna mvua za Januari, na hakuna atakayemshawishi kijana wa Kitanzania auache mpira wa miguu ahamie kwenye wavu. Kwa hiyo baadhi ya viwanja hivyo vya sakafu vichorwe kwa vipimo vya mita 40 kwa 20, vichezewe mpira wa mikono leo na mpira wa watano kwa watano kesho, na kila ndaki ibaki na kiwanja chake kimoja kikubwa cha mpira kwa ajili ya mechi zinazostahili kiwanja kikubwa. Hata ukipunguza zile saa kwa nusu, picha haibadiliki. Viwanja vidogo vya sakafu ngumu, vilivyo karibu na mabweni na vyenye taa, huwachezesha watu wengi kuliko chochote kingine unachoweza kununua kwa fedha hiyo. Ajabu ni kwamba ndivyo huachwa mwisho kwenye michoro, kana kwamba ni mapambo ya kuzungukia uwanja mkubwa.

Suala la taa nalikazia kwa sababu ya wasichana. Mpangilio wa sasa wa siku ya mwanafunzi, vipindi vikienda hadi jioni, huacha kidirisha kifupi cha mwanga, na kidirisha hicho katika vyuo vyetu vingi hutwaliwa na timu za mpira za wavulana, ambazo ndizo zenye kocha, jezi na ratiba. Anayetaka kucheza netiboli au kukimbia taratibu anabaki na alfajiri au giza. Giza katika eneo la maelfu ya hekta, lenye vichaka kati ya jengo na jengo, si mahali pa kumwambia binti aende kufanya mazoezi. Taa za kumulika kiwanja cha bwenini, njia yenye mwanga kutoka mlangoni hadi kiwanjani, choo na bomba la maji lililo karibu: hivyo vitatu vitaongeza idadi ya wasichana wanaocheza kuliko hamasa yoyote ya kipaza sauti. Na njia hiyohiyo ikiwa na mteremko laini badala ya ngazi, mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu naye anafika. Kuijenga hivyo mwanzoni hakuongezi gharama ya maana. Kuibomoa baadaye ili kuirekebisha kunaongeza.

Kuna mambo madogo ya ufundi ambayo Dodoma inayadai na ambayo ramani iliyonakiliwa kutoka mji wa pwani haitayaona. Tuko nyuzi sita kusini mwa ikweta, hivyo mwaka mzima jua la jioni huzama karibu na magharibi kamili. Kiwanja kilicholazwa mashariki-magharibi humpa kipa wa upande mmoja jua la macho kwa muda wote wa mchezo wa jioni. Vilazwe kaskazini-kusini, vyote, hata kama barabara iliyopo inavuta upande mwingine. Upepo nao. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma, ambao zaidi hutoka mashariki na kusini-mashariki, hubeba vumbi jekundu na kuupeleka mpira wa wavu unakotaka wenyewe. Safu mbili za miti upande huo wa kila kundi la viwanja, mwarobaini au mjohoro ambayo inalijua jua la hapa, zitapunguza upepo na kutoa kivuli cha kukaa. Lakini mti unataka miaka minane au kumi ndipo ufanye kazi hiyo. Ndiyo maana miti ya viwanja vya mwaka 2036 inapaswa kupandwa mvua za mwaka huu, kabla mkandarasi hajajulikana.

Sasa maji, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mpango wowote wa michezo katika Kanda ya Kati. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Miezi saba inayobaki ni jua na upepo. Mji kwa miaka mingi umeishi kwa kutegemea visima vya Makutupora, na watafiti waliofuatilia kina cha maji ya eneo hilo kwa miongo kadhaa wameonyesha kwamba hifadhi ile ya chini ya ardhi hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Katikati ya miaka hiyo tunachota akiba.

Weka hapo kiwanja cha nyasi halisi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka unaochezewa kila siku chini ya jua la Dodoma tuukadirie milimita tano kwa siku. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 kina mita za mraba 7,140, kwa hiyo kinakunywa lita 35,700 kila siku, maboza matatu na nusu ya lita 10,000. Mwanafunzi mmoja tukimpa lita 40 kwa siku za kuoga, kufua na kunywa, kiwanja kimoja kinakunywa maji ya wanafunzi karibu 900. Kwa miezi saba ya kiangazi ni zaidi ya lita milioni saba na nusu. Mkuu gani wa chuo atasaini hati ya kumwagilia nyasi wakati bomba la bwenini limekauka? Hatasaini, na atakuwa amefanya haki. Nyasi zitakufa Agosti, na ifikapo Oktoba kiwanja kilichozinduliwa kwa ngoma kitakuwa kimerudi kuwa udongo mgumu.

Zipo njia, lakini zinataka kupangwa mapema pamoja na mabomba na mapaa, wala haziwezi kubandikwa baadaye. Ya kwanza ni mvua yenyewe. Paa la mita za mraba 1,000, kwa mvua ya milimita 550 na tukikubali kupoteza sehemu ya tano njiani, linakusanya lita 440,000 kwa mwaka. Hiyo ni siku 12 za kiwanja kimoja. Kwa kiangazi kizima ungehitaji mapaa 17 au 18 ya ukubwa huo pamoja na lambo la kuhifadhia, na jua litachukua fungu lake humo. Inawezekana kwa kiwanja kimoja, labda viwili. Haiwezekani kwa kumi. Njia ya pili ndiyo yenye maana zaidi kwa chuo: maji yaliyokwisha kutumika mabwenini. Yale maji ya kuogea na kufulia ya maelfu ya watu hutoka kila siku, kiangazi na masika, kwa kiasi kisichoyumba sana wakati wa muhula. Yakisafishwa kwa hatua zinazotakiwa na kupimwa maabara, yanaweza kunywesha ukoka usiku wakati hakuna anayecheza. Chuo kina wahandisi, wanakemia na wanabiolojia wa kusimamia kazi hiyo na kuwafundishia wanafunzi wao papo hapo. Lakini ili ifanyike, kiwanja cha nyasi lazima kiwe chini ya mteremko wa mfumo wa maji taka, au bomba la kurudisha lichimbiwe siku ileile linapochimbiwa la kupeleka. Aliyepanga kiwanja juu ya kilima kwa sababu ya mandhari amekwisha kuifunga njia hii.

Nyasi bandia hutajwa kama jibu la matatizo haya yote. Zinaokoa maji na zinavumilia saa nyingi za mchezo, hilo ni kweli. Chini ya jua la mchana la Dodoma hupata joto kali kiasi cha kutochezeka, kwa hiyo ni uwanja wa jioni na usiku. Na hufa pia. Zulia linalotumika sana hudumu miaka minane hadi kumi na mbili, kisha linang'olewa lote na kununuliwa jingine. Ningeliunga mkono kwa kiwanja kimoja cha kila ndaki mbili, kwa sharti kwamba fedha ya zulia la pili ianze kuwekwa mwaka uleule wa kwanza.

Hapo ndipo mipango yetu mingi hukatikia, kwenye mwaka wa kumi. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, mwaka uleule UDOM ilipoanza kufundisha, na ni uwanja wa taifa wenye macho ya nchi nzima. Kufikia 2023 ulikuwa ukihitaji ukarabati mkubwa. Kama uwanja wenye Simba, Yanga na Taifa Stars unafika hapo ndani ya miaka 16, uwanja wa chuo unaotegemea bajeti ya matumizi ya kawaida utafika mapema zaidi. Kila kiwanja kinachoingia kwenye Mpango Kabambe wa chuo kiingie na namba tatu kando yake: gharama ya kukijenga, gharama ya kukitunza kwa mwaka, na mwaka ambao uso wake utabadilishwa. Kisichokuwa na namba ya pili na ya tatu kisijengwe. Pia kiingie na mtu. Nchi yetu ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, kinachoandaa wataalamu wa michezo. Mtunza viwanja aliyesomea kazi hiyo, mwenye fundi taa na fundi bomba chini yake, ana thamani kuliko jukwaa la pili.

Ule uwanja mkubwa basi, tuuache? Tusiuache, tuutengee mahali. Ghana inatufundisha kitu hapa. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Ghana pale Legon ulikaa miaka mingi ukiwa umeanzwa na haujaisha, hadi Michezo ya Afrika ilipokwenda Accra Machi 2024 ndipo fedha ikapatikana na riadha ikachezwa humo. Chuo hakikuwa na uwezo wa kuumaliza peke yake; tukio la bara ndilo lililoumaliza. Georgia Tech kule Atlanta nayo ilipata bwawa la kuogelea la Olimpiki ya 1996 ndani ya eneo lake, bwawa lililokuwa na paa bila kuta, na miaka michache baadaye chuo kikalizungushia kuta na kuligeuza kituo cha mazoezi cha wanafunzi kilichofunguliwa mwaka 2004. Vyuo vyote viwili vilikuwa na ardhi iliyo tayari wakati fursa ilipokuja. UDOM ijiweke katika hali hiyo: eneo lililopimwa, lenye barabara na njia ya umeme kwenye ramani, linalosubiri. Serikali imekwisha kutangaza nia ya kuwa na uwanja mkubwa wa kisasa Dodoma, na Uwanja wa Jamhuri upo katikati ya mji unaendelea kutumika. Chuo hakina haja ya kushindana na mji kwa viti. Kinaweza kuupa mji kile ambao viwanja vikubwa daima hukihitaji, yaani viwanja vizuri vya mazoezi na vyumba vya kulala wakati wa likizo.

Ardhi hiyo lakini itengwe sasa. Hekta 6,000 zinamfanya mtu aone hakuna haraka. Nadhani ni kosa la hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Ya 2022 ikakuta 765,179. Tangu Serikali ihamie hapa kwa dhati mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji Aprili 2018, Mtumba imekuwa Mji wa Serikali, barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 imechorwa kuuzunguka mji, na treni ya umeme imefika. Chuo ambacho mwanzoni kilikuwa nje ya mji sasa kimo kwenye njia ya ukuaji wake. Wakazi wa Ng'ong'ona na Iyumbu wanajua bei ya kiwanja ilivyokwenda. Mlimani, Dar es Salaam, sehemu ya ardhi ya chuo kikuu ilikuja kuwa kituo cha maduka cha Mlimani City, kwa mkataba na kwa faida ambayo chuo kilikuwa na sababu zake za kuitafuta. Siulaumu uamuzi ule. Nautaja ili tuone kwamba ardhi ya chuo iliyozungukwa na mji huombwa, na inayoombwa kwanza ni ile tambarare, karibu na barabara, isiyo na jengo. Hiyo ndiyo sifa kamili ya kiwanja cha michezo.

Dodoma yenyewe ni mji wa mipango. Baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, kampuni ya washauri kutoka Toronto iliandaa Mpango Kabambe wa mwaka 1976, na CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyoundwa mwaka uleule wa 1973, ikautekeleza hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Mwenye kuishi hapa muda mrefu anajua maeneo ya wazi yaliyoandikwa kwenye ramani na ambayo leo yana ukuta na geti. Ramani haikuwa na kasoro. Maeneo yale hayakuwa na mwenyewe wa kuyatetea kila ombi jipya lilipoletwa mezani. Kwa hiyo ombi langu kwa UDOM ni asilimia moja. Asilimia moja ya hekta 6,000 ni hekta 60. Zinatosha viwanja vyote nilivyovitaja, kituo kikuu, njia ya mbio, na akiba ya miaka 30. Zigawanywe kwa kila ndaki, zipimwe, ziwekewe mawe ya mipaka, ziandikwe kwenye Mpango kwa namba za viwanja, na ibara iwekwe kwamba ekari ikichukuliwa kwa jengo lolote, hata maabara, ekari nyingine ya tambarare iliyo umbali uleule kutoka mabwenini itolewe kabla msingi haujachimbwa.

Kuna mtu atasema madarasa kwanza. Ni hoja ya haki, na naiheshimu kuliko zile zinazoshabikia jukwaa. Fedha kubwa za ujenzi vyuoni miaka hii zimetoka kwenye mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na kiini chake ni maabara, madarasa na mitaala. Hakuna anayedai zihamishwe ziende kwenye netiboli. Lakini kutenga ardhi hakuli fedha ya maabara. Kupanda miti hakuli. Kulaza bomba la pili wakati mtaro uko wazi kunakula kidogo sana. Na kiwanja cha sakafu ya zege chenye nguzo mbili za wavu ni kazi inayoweza kuingia kwenye kandarasi ya bweni jipya kama maegesho yanavyoingia, bila kuandikiwa andiko la mradi. Laiti kila bweni lililojengwa tangu 2007 lingekuja na kiwanja chake kimoja, leo tungekuwa tunajadili taa tu.

Riadha inastahili maneno yake. Kanda hii ina wakimbiaji. Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida aliibuka bingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Ni Mtanzania wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa riadha. Watu wa Singida, Manyara na Dodoma hawahitaji kuelezwa kwamba mwinuko wa mita 1,100 na zaidi, hewa kavu na barabara za vumbi zinaweza kutoa bingwa. Chuo kikuu kilichokaa katikati ya eneo hilo kingekuwa mahali pa asili pa kijana wa aina hiyo kusomea huku akikimbia, asichague kimoja. Hatuhitaji kuanza na njia ya mbio yenye uso wa raba na gharama kubwa, ambayo nayo hutaka uso mpya baada ya muongo mmoja hivi. Tuanze na mita 400 za udongo ulioshindiliwa vizuri na kupitishiwa mfereji, zilizopimwa kwa usahihi ili siku fedha ikija uso ubadilishwe bila kubomoa. Na tuchore njia ya mbio ndefu kuizunguka milima ya chuo, kilomita 10 au zaidi, yenye alama kila kilomita, inayopita karibu na kila ndaki. Itakuwa ya wanariadha alfajiri, ya vikundi vya joging Jumamosi, na ya mhadhiri ambaye daktari wake amemwambia atembee. Kwa shilingi moja iliyotumika, sioni kitu kingine kitakachohudumia watu wengi namna hiyo.

Tatizo gumu kuliko yote, hata kuliko maji, ni kwamba mpango wa miaka 30 unashikwa na watu wanaopita. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana miaka mitatu au minne. Waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi ana mwaka mmoja, na mwaka wake ni wa kutafuta jezi na nauli za kwenda kwenye mashindano ya vyuo. Viongozi wa chuo wana vipindi vyao, na kila kipindi kina shinikizo la kuacha kitu chenye jiwe la msingi. Katika hali hiyo kinachoonekana hushinda kinachodumu. Ndiyo maana ningependa saa za kucheza ziwe kipimo kinachoripotiwa kila mwaka kwa Baraza la Chuo, kwa ndaki na kwa jinsia, katika jedwali lilelile linalotaja idadi ya vitabu na vitanda. Kiongozi mpya akiingia akikuta Ndaki ya Elimu ina saa kadhaa kwa mwanafunzi na ndaki nyingine ina nusu yake, atajua pa kujenga bila kuuliza wapi pana mandhari nzuri ya picha.

Kazi ya kupata takwimu hizo inaweza kuanza muhula ujao, kabla ya mbunifu wa majengo kuitwa. Chuo kina wanafunzi wa takwimu wanaotafuta kazi za vitendo. Wapangwe kwenye viwanja vilivyopo, saa 12 asubuhi na kuanzia saa 10 jioni, wahesabu: nani anacheza, mvulana au msichana, mchezo gani, ametoka bweni lipi, nani alifika akakuta pamejaa akaondoka. Wafanye hivyo Februari, udongo ukiwa umelowa, na warudie mwishoni mwa Oktoba, vumbi likiwa kwenye kilele chake. Wale waliofika wakaondoka wahesabiwe kwa uangalifu kuliko wote, na namba yao ndiyo iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa hadidu za rejea atakazopewa mbunifu huyo.